Siku ya Kuamka Mzima

Mama Vifungo, fundi cherehani, aliumwa misuli mwili mzima miaka na miaka, lakini siku aliyoiogopa kuliko zote ni ile aliyoamka mzima. Siku kama hiyo alishona bila kuinua kichwa, kisha akalala wiki nzima, akigeuzwa kitandani kama mtoto mchanga.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwonya: inuka kabla hujaumwa, tembea kidogo, ndipo urudi. Lakini fundi gani huacha mshono katikati?

Asubuhi moja aliamka mzima tena, akashona gauni la bibi harusi, mikono myepesi ajabu. Ghafla akaiacha sindano kitambaani, akasimama.

“Mama, maumivu yameanza?” akauliza mkwewe aliyekuwa akimsaidia kazi.

“Siumwi hata kidogo, mwanangu. Nitoe hapa upesi.”