Hema la Kutazamia Fataki

Niliondoka Mabela, pembezoni mwa Maskati, asubuhi ya Alhamisi, mfuko mmoja begani, nisijue nakwenda wapi. Chumbani tulikuwa wanaume wanane wa kampuni moja ya usafi, na mkataba wangu ulikuwa umeisha wiki ile. Kitanda changu kilishapata mtu. Alifika jioni ya jana yake akalala sakafuni kwa adabu, akingoja niamke, nami nikaamka mapema kwa ajili yake. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zimebakiza miezi miwili.

Nilikuwa nimezoea kuondoka hivyo. Shule niliiacha darasa la sita, huko Voi, si kwa kushindwa bali kwa sababu dirisha la darasa lilitazama barabara. Tangu hapo nimekuwa nikishuka mahali bila sababu. Siku hiyo nilishuka Azaiba kwa kuwa abiria aliyekuwa mbele yangu kwenye teksi ya kuchangia alishuka pale.

Nilitembea kando ya barabara ya maduka. Nilisimama kumtazama fundi wa matairi, kisha fundi cherehani aliyekuwa anatia nakshi kola ya kanzu, mpaka akaniinulia macho kuuliza nataka nini. Sikutaka kitu, nilitaka kujua tu uzi unapita wapi. Katika mji ule mtu wa namna yangu aliweza kumaliza wiki nzima bila kuulizwa swali lolote, isipokuwa ameiweka wapi ndoo.

Kwenye duka la mikate nikasikia Kiswahili. Hakikuwa kile cha wenzangu wa kampuni, chenye Kiingereza na maneno ya kazini. Kilikuwa cha Unguja, cha kuvuta, na kh na gh zake zote mahali pake. Bibi mmoja wa makamo ya juu, mwenye buibui, alisimama mbele ya kabati la keki pamoja na mwanawe, mwanamume mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Walikuwa wakibishana polepole, kama watu walioanza nyumbani na kuendelea garini.

"Mama, fashifashi zinarushwa angani," alisema mwana. "Anga halina tiketi. Tulipie viti vya nini?"

"Mwaka jana tulikaa nyasini, mie nkaona nini? Visogo. Visogo vya watu wa Maskati wote nnavijua."

"Bei ya kiti kimoja cha hemani inawapandisha watoto bembea mpaka watapike."

"Watatapika hukohuko Salala. Usiku huu nnataka waone."

Nilijifanya kuchagua mkate ili nisikie zaidi. Mwana alikuwa amehamishiwa kazi Salala. Jumamosi alfajiri angepanda ndege na mkewe na watoto watatu, na mama yake angebaki na kijakazi tu katika nyumba ya Ansab. Jioni hiyo kulikuwa na fataki, ndizo fashifashi zao, katika bustani kubwa ya tamasha. Watu wengi walikaa kwenye nyasi, na kwa wenye kutaka kulikuwa na hema la viti maalumu kwa familia.

"Mnanichukulia wajukuu zangu, mnaniachia kuta," alisema yule bibi. "Basi wakinikumbuka, wakumbuke usiku mmoja mzuri."

Mwanawe akainamia kabati la keki. Mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikasema, "Shikamoo mama. Samahani. Si mtu angekwenda kupaona kwanza?"

Wote wawili wakageuka.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Kenya, mama. Voi."

"Nilidhani. Kiswahili chako kikavu kama mkate wa juzi. Una kazi?"

"Sina."

"Una haraka?"

"Sina."

"Basi nenda wewe ukapaone. Baada ya alasiri tukutane hapahapa uniambie: hema au nyasi."

"Mama, humjui huyu!" alisema mwana.

"Simjui, ndiyo. Kwa hiyo hana sababu ya kunidanganya. Wewe unayo, hutaki kulipa."

Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeajiriwa. Ilikuwa miezi mingi tangu mtu aulize maoni yangu, na sikumbuki kama kabla ya hapo kuna aliyengoja jibu.

Langoni pa bustani kulikuwa na ubao: siku ya familia. Maana yake, kwamba peke yake haingii, ilijulikana na kila mwanamume asiye na mke mjini mle. Nilizunguka uzio mpaka upande wa nyuma, nikakuta vibarua wanashusha viti kutoka kwenye lori. Nikachukua viti viwili, kimoja kila mkono, nikaingia. Hakuna mlinzi anayemuuliza mtu aliyebeba viti. Kwa haki nilibeba kama thelathini kabla sijaanza kazi yangu mwenyewe.

Kazi hiyo niliifanya vizuri, au niliamini hivyo. Nilihesabu hatua kutoka hemani hadi vyooni, nikifikiria miguu ya bibi. Nilimuuliza fundi umeme mmoja fataki zitarushiwa wapi, akanionyesha kwa bisibisi uwanja wa mchanga ng'ambo ya bwawa la bata. Nililowesha kidole nikapima upepo, moshi usije ukawajia watoto. Kisha nikaingia hemani kujaribu viti.

Jua lilikuwa utosini. Ndani ya hema kulikuwa na zulia jekundu, makochi yenye mikono ya rangi ya dhahabu, feni ndefu kuliko mimi, na juu kitambaa kizito cheupe na kijani kilichokunjwakunjwa kama gauni la harusi, taa za vioo zikining'inia katikati. Msimamizi mmoja aliona nimeketi, sijui alinidhania nani, akanimiminia kahawa na kunisogezea tende. Nikanywa. Tangu nitoke kwetu nilikuwa sijakalia kitu laini. Miguu yangu ilizama kwenye zulia, na kwa muda wa vikombe vitatu nikajiona mgeni wa mtu fulani.

Nilipotoka kwenda kukagua nyasi, zilikuwa za moto na za kuchoma, hazina kivuli hata cha kumtosha paka. Sikukaa huko dakika mbili.

"Hema," nilimwambia bibi alasiri. "Hema kabisa."

Alimtazama mwanawe kwa ushindi. "Umesikia? Haya, na wewe twende wote. Utanibebea kikapu."

Langoni nilipita katikati ya watoto, kikapu mkono mmoja na mkeka kwapani. Mlinzi aliona mizigo, hakuniona mimi. Mlangoni pa hema mambo yalikuwa mengine. Chakula cha nje hakiruhusiwi, na tiketi zilikuwa sita.

"Huyu?" aliuliza mlinzi.

"Wetu," alisema bibi.

Mlinzi alihesabu tena vichwa, akatikisa chake. Familia iliyo nyuma yetu ilianza kusukuma. Mwana akaniambia, bila ubaya, "Kaa nyasini na kikapu, bwana. Zikiisha tutakutafuta." Bibi aligeuka mara moja kunitazama, kisha wakaingia.

Nilitandika mkeka. Ulikuwa wa kukalia familia nzima, na mimi nilikaa kwenye ukingo wake. Jua lilikuwa limeshazama, nyasi zimepoa, upepo mzuri unatoka upande wa baharini. Familia zilikuwa zimejaa kila upande. Baba mmoja wa jirani alinitazama, akatazama mkeka mtupu, akamhamishia mkewe upande wa pili. Sikumlaumu, ilikuwa siku ya familia. Nilifungua kikapu cha bibi nikatoa vikombe vyake sita, nikavipanga mkekani kimoja kimoja, ili watu waone kwamba kuna wenyewe wanaokuja.

Baada ya isha ikapanda ya kwanza. Ilipasuka juu kabisa, ya dhahabu, ikashuka taratibu kama mtu anayepukuta unga viganjani, na mamia ya watu wakavuta pumzi kwa pamoja. Zikafuata za kijani, mbilimbili. Niligeuka kutazama hema, nikitaka kuona furaha niliyoichagua.

Hema lilikuwa limewaka kwa nje kama taa ya karatasi. Kitambaa kikawa chekundu, kikawa kijani, kikawa cheusi tena. Pande tatu zilikuwa zimeteremshwa. Kilichofunguliwa ni upande wa mbele tu, na hapo paa lilishuka chini kama ukingo wa kofia.

Nilielewa hapo hapo, mkekani. Mchana kutwa nilikuwa nimekagua vyoo, upepo, moshi, makochi. Sikutazama juu. Nchi ile mgeni wa heshima hupewa kivuli, na waandaaji walikuwa wamewapa wageni wao kivuli kizuri kuliko vyote, kisha wakakiacha kati yao na anga. Nami niliyetoka juani nilikipenda.

Nilikimbia hadi mlangoni. Kupitia bega la mlinzi niliwaona safu ya tatu: bibi, mjukuu mdogo magotini mwake, wote nyuso juu, wanatazama kitambaa. Safu ya mbele walikaa waheshimiwa, wamenyooka, mikono juu ya bakora zao, wanasikiliza mishindo kwa adabu. Hakuna aliyeinuka mle ndani, kwa sababu wao hawakuinuka. Nilinyoosha mkono. Bibi hakuniona. Nyuma yangu anga lote lilikuwa linapasuka, nami nimeligeuzia mgongo.

Nikarudi mkekani. Hazikudumu sana, labda muda wa kuchemsha chai. Familia yangu ya kikapu ilipotoka, juu kulikuwa na moshi tu, unakwenda kule nilikopima.

"Kitambaa kizuri," alisema mwana. "Nimekitazama chote."

Mtoto mdogo alikuwa analia. Dada yake mkubwa alisema halii kwa fashifashi, analia usingizi, lakini na yeye midomo ilimcheza. Mama yao aliketi akawavuta wote wawili.

"Mama, ni kosa langu," nilimwambia bibi. "Nilikwenda mchana. Jua lilikuwa kali, nikapenda kivuli. Sikutazama juu."

Aliteremka mkekani kwa shida, akishika bega la mwanawe. Alivitazama vile vikombe.

"Nani kavipanga?"

"Mimi."

"Viko sita. Chako kiwapi?"

Alifungua chupa ya chai, akanimiminia kwanza mimi, kwenye kifuniko chake, akanipa.

"Umeziona wewe?"

"Nimeziona."

"Basi hadithia. Usiruke hata moja."

Sijawahi kuhadithia watu. Nilianza vibaya, nikaanza upya. Niliwaambia ya dhahabu iliyopukutika. Niliwaambia za kijani, na moja iliyokosea njia ikapasuka chini juu ya bwawa, bata wote wakaruka wakipiga kelele, mmoja akatua katikati ya biriani ya watu. Mdogo akaacha kulia.

"Mwongo!" alisema yule wa kati. "Bata?"

"Mwulize baba yule pale. Biriani ni yake."

Baba yule, aliyemhamisha mkewe, aliona tunamtazama, akainua mkono kwa aibu na kuonyesha sinia. Tukacheka sote. Hata mwana alicheka, akachukua kitumbua.

"Na zambarau?" aliuliza dada mkubwa.

"Zambarau haikuwepo."

"Ilikuwepo. Tumeiona hemani. Nyekundu na buluu zimepanda pamoja, paa lote likawa zambarau, mpaka mikono ya kochi."

"Basi hiyo sikuipata," nilisema. "Ilikuwaje?"

Akanihadithia. Mdogo wake akamsahihisha.

Tulipokuwa tunakunja mkeka bibi aliniuliza nalala wapi. Nilisema kwa rafiki. Akasema njoo Ansab Jumamosi, baada ya alasiri, nyumba ya pili kutoka msikitini, mlango wa kijani. Hakuniambia kuna nini. Siku mbili zile nililala Mabela sakafuni, miguuni pa kitanda kilichokuwa changu. Nililala kwa adabu.

Jumamosi nilifika mapema nikangoja kivuli cha ukuta kirefuke. Nilipogonga, alifungua mwenyewe. Nyuma yake ukumbi ulikuwa umeshafagiliwa, na baiskeli ndogo imeegemezwa ukutani, haikuingia kwenye ndege.

"Mwanangu kasema atazishughulikia karatasi zako. Kwa sharti moja: usimshauri mtu tena juu ya viti."

"Sawa, mama."

"Utamwagilia miti, utanibebea vitu vya sokoni. Kijakazi yuko ndani nami, wewe chumba chako hiki."

Kilikuwa chumba kando ya lango, na mlango wake ulifunguka barabarani, si uani. Ndani kulikuwa na kitanda cha mtoto mkubwa, dirisha moja, na msumari wa kutundikia.

"Watoto wamenipigia simu kutoka Salala," alisema, amesimama kizingitini bila kuingia. "Washampata jirani wa kumsimulia. Fashifashi zote. Dhahabu, bata, biriani. Wanasema wameziona kwa macho yao."

"Na wewe ukawaambiaje?"

"Nkawaambia zilikuwa nzuri." Alitazama kule ilikoegemea baiskeli. "Mdogo kauliza kama wewe upo. Nkasema upo."

Akaingia ndani. Nilisikia kandambili zake zikivuka uani, kisha mlango wa jikoni, kisha muda mrefu hakukuwa na sauti yoyote ya nyumba. Nilijilaza kujaribu kitanda, magoti yamekunjwa maana kilikuwa kifupi, na safari hii nikatazama juu. Kulikuwa na dari ya kawaida, yenye ufa mmoja mwembamba. Mfuko wangu niliusukuma chini ya kitanda. Sikuufungua siku ile, wala iliyofuata, lakini nililala pale.