Moto wa Mama Jirani

Juzi mwanangu alirudi kutoka shule na habari za Wayahudi waliofichwa na jirani zao katika vita vya Wazungu. Akaniuliza kama jirani wa namna hiyo yupo kweli. Nilicheka, rafiki yangu, kisha nikatafuta pa kuketi.

Kwetu mtaa wa Lumumba, pale Bunia, Kongo, kiberiti kilikuwa cha wenye nacho. Kila asubuhi nyanya alinituma na kigae kwa mama jirani, mtu wa kabila lingine, nikaombe moto. Tena niombe kwa lugha yao, maana kuomba kwa Kiswahili nyanya aliona ni kukosa adabu. Nilijua maneno hayo ya kuomba moto tu, basi. Nilirudi nikipuliza makaa, moshi machoni, na maharagwe ya jana yakapashwa. "Mwenye kukupa moto hawezi kukuchomea nyumba," nyanya alizoea kusema. Vita vya makabila vilikuwa vimeshaingia mjini, na watu walimcheka kwa imani hiyo.

Asubuhi moja nilikuwa nimechutama kwenye mafiga ya mama jirani, wapiganaji wa kabila lake walipoingia uani. Panga la mmoja lilikuwa limelowa damu hadi mpinini. Alinishika nywele, akauliza mimi ni wa nani.

"Huyu iko mutoto yangu," mama jirani akasema.

"Basi aseme luga yetu."

Nilimgeukia mama jirani, yakatoka maneno yale yale ya kila siku: nikamwomba moto. Hakumpa yule mtu nafasi ya kufikiri. Alinitilia makaa kwenye kigae huku akinigombeza kwa lugha yao, kwamba, kama alivyonifasiria baadaye, baba anangoja maji ya kuoga. Mkono ukaniachia.

Wakaruka ua kuingia kwetu. Nilimsikia nyanya. Mama jirani alinibana kifuani, kiganja chake chenye majivu kinywani mwangu, mpaka nyanya akanyamaza. Kisha paa letu likaanza kuwaka.

Wale ninawachukia hadi leo, sikufichi. Lakini nyanya hakukosea: aliyempa moto siye aliyemchomea.

Nimepita Lumumba mwaka huu. Ua wa mama jirani umekuwa bohari ya saruji, na alikokimbilia hakuna ajuaye. Hakuna mtoto anayetumwa moto tena. Kila nyumba ina kiberiti chake, na geti lake.

Mwanangu nilimjibu kwamba jirani huyo yupo, nilimwona. Akafikiri kidogo, akaniuliza jirani zetu wa hapa tunapoishi sasa huzungumza lugha gani. Sikujua.