Mkono Nilioukataa

Siku yangu ya kwanza kazini sikumgusa mgonjwa hata mmoja. Nilifundishwa kunawa. Bwana Daktari, Mjerumani aliyesimamia hospitali ya kambi ya wajenzi wa reli hapa Dodoma, alinisimamisha mbele ya beseni tangu asubuhi mpaka jua la utosi: sabuni, brashi ya kucha, maji safi, halafu lisoli, dawa kali ya kuua uchafu usioonekana kwa macho. Nikikosea, naanza upya.

"Mikono ikishatoka kwenye lisoli, usishike kitu ila kidonda," alisema. "Hata mimi usinishike."

Niliona anapoteza maji bure. Wanawake waliyabeba kichwani kutoka visima vya mchangani, nasi tukamwaga beseni baada ya kila mgonjwa. Tena mimi ni Mgogo wa Mlali; kwetu mtu akija, humnyimi mkono. Basi Daktari akigeuka tu, nilisalimiana na kila aliyeingia, kisha nikarudi kwenye vidonda.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa vibarua wenye kidonda ndugu, kile kinachokula nyama ya mguu mpaka mfupa. Juma, Mrangi wa Kondoa, alikuja na mchubuko mdogo tu. Nilimfunga kwa mikono niliyotoka kumsalimia nayo mwenye kidonda. Haikupita muda mchubuko ukageuka kidonda ndugu, Daktari akamkata mguu, nami ndiye niliyemshika. Hakuna aliyenilaumu. Nilijilaumu mwenyewe, nikaapa kwamba sirudii.

Aliyekuja kukipima kiapo hicho ni baba yangu. Alitembea kutoka Mlali kuja kuniona, akaingia nikiwa nimemaliza kunawa, mbele yangu mwanamke aliyeungua moto.

"Mbukwa, mwanangu," akasalimu, mkono ameunyoosha. Chumba kizima kikatutazama.

"Mbukwa, baba. Nisubiri kidogo, nimekwisha nawa."

"Umenawa usije ukanishika mimi?"

Nikainamia kazi yangu. Nilipotoka nje kumpa mkono, aliuficha wake mgongoni akashika njia. Mwaka mzima hakuniletea hata salamu. Niliumia sana, lakini niliendelea kunawa vilevile.

Kisha majirani wakamleta baba kwa machela, kidonda ndugu kimemla mguu. Nilikuwa nimetoka kunawa pale jirani yetu aliyembeba aliponinyooshea mkono.

"Mwache," baba akamwambia. "Huoni kwamba amenawa?"

Nikainama nikaanza kumsafisha. Kidonda kilichukua muda mrefu kupona, lakini mguu ulibaki.

Nilifanya kazi chini ya wakubwa wengine wengi, hata bendera ikabadilika, mpaka nikastaafu. Vijana wa kazi hii wakija kwangu Ipagala hulalamika kwamba maji ni haba, na watu wanawaona wana maringo. Nawaambia wawaache wanune. Halafu nawasimulia siku baba alipotoka hospitali.

Alikuja kuniaga, akanikuta na mikono imelowa na foleni ya wagonjwa mbele yangu. Alikwisha nyoosha mkono, akaurudisha. Akaketi juu ya debe tupu mlangoni, akasubiri mpaka nikamfunga wa mwisho. Ndipo akainuka, akanishika mikono yote miwili, bado inanuka lisoli.

"Mbukwa, mwanangu," akasema.