Jina la Mwenye Shamba

Nilianza kumwonea wivu yule mgeni kutoka Ayalandi siku ile ile tulipompatia maiti wake, tena kabla hata jasho la kutafuta halijanikauka.

Alikuja kwenye chama chetu cha historia Alhamisi moja baada ya alasiri. Chama ni neno kubwa. Sisi ni watu wachache wa Mji Mkongwe, wengi wetu wastaafu, na hukutana katika chumba cha chini cha nyumba ya mwenyekiti, chini ya dari linalovuja na picha za zamani zilizoliwa na unyevu. Kazi yetu kubwa ni kubishana. Tutabishana jioni nzima kama mkahawa fulani ulikuwa upande huu wa uchochoro au ule, na sauti zikishapanda mwenyekiti huagiza kahawa, na ubishi huahirishwa mpaka wiki ijayo. Mimi nilikuwa nikisomesha historia skuli, kwa hiyo hujiona nina haki ya kubisha kuliko wenzangu, na haki hiyo naitumia.

Mgeni alikuwa mwanamke wa umri wangu, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, miguuni viatu vizito vya kupandia milima ambayo sisi hatuna. Alisema kwa Kiingereza, nami nikatafsiri, kwamba yeye ni katibu wa chama cha historia cha kijiji chao, na kwamba kaka wa bibi yake alikuwa baharia, akaugua safarini, akashushwa hapa Unguja na hapa akafia. Alitaka kuliona kaburi lake. Mwenyekiti akanitazama, kwa sababu katika chama chetu mimi ndiye niliyekuwa na tabia ya kuzunguka makaburi ya Wakristo na kusoma mawe.

Tulimpata asubuhi moja tu. Jiwe lilikuwa limeanguka kifudifudi kwenye nyasi. Mlinzi akatusaidia kuligeuza, nikalimwagia maji na kulisugua kwa brashi, na herufi zikatoka moja moja: jina lake, jina la baba yake, kijiji chake. Mgeni akapiga magoti akalia kwa sauti. Nikampa kitambaa changu, nikamshika bega, nikamwambia pole yote ninayoijua kwa Kiingereza. Na huku nambembeleza, moyoni nilikuwa nasema: huyu katoka huko mwisho wa dunia kuja kumtafuta mtu asiyemwona hata siku moja, na adhuhuri haijaadhiniwa keshampata. Mimi nimezaliwa hapa, babu yangu mzaa baba amelala Kidichi, safari isiyotosha kumaliza tasbihi, na sijui amelala wapi.

Babu alikuwa na shamba la karafuu huko Kidichi. Yeye alishakufa na kuzikwa ndani ya shamba hilo yalipokuja Mapinduzi, na baadaye shamba likakatwa eka tatu tatu wakapewa watu wengine. Baba hakukanyaga huko tena. Tukienda Bububu kwa shughuli, ikifika njia ya kupandia Kidichi aligeuza uso upande wa bahari mpaka tuipite. Nami nikajifunza kugeuza uso. Hakuna aliyenifundisha, lakini mpaka leo nikipita pale shingo inakwenda yenyewe.

Na kwetu makaburi yetu ya kawaida hayaandikwi. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Wanaojua nani kalala wapi ni wale waliobeba jeneza, nao ni wanaume, na baba hakujaaliwa mtoto wa kiume. Alichoniachia mimi ni maneno. Nilipokuwa mdogo alinilaza kwa kunitajia sehemu za shamba, kama anatembea ndani yake: Kisimani, Mlangoni, Penye Mashelisheli, Bonde la Nyuki, na nyingine zilizofuata ambazo mara nyingi usingizi ulinichukua kabla hazijafika. Na akanihifadhisha jina la babu lote kamili, na baba yake, na baba wa baba yake, mpaka huko Arabuni. Babu nilikuwa nalo jina lake. Kaburi sikuwa nalo.

Basi mgeni, kwa shukrani, akatuletea vitabu. Alikuja navyo Alhamisi iliyofuata ndani ya mkoba, akavipanga juu ya meza ya kahawa. Vyote vilikuwa vimetolewa na chama chao cha kijiji. Kijiji, si mji. Kimoja kilikuwa cha makaburi: wakati wa kiangazi wanachama hutoka na brashi na ndoo, husafisha ukungu kwenye mawe, hunakili kila herufi. Kingine kilikuwa cha watoto waliopita skuli yao. Majira ya baridi, alisema, hukutana kwenye ukumbi wa kanisa, mtu mmoja husimama akaeleza habari za kinu cha zamani au daraja lililovunjika, halafu hunywa chai. Na watu ambao wazee wao walihamia Marekani na Australia huja kununua vitabu hivyo, hutafuta jina lao ndani, na hulia pale pale kwenye ngazi za ukumbi. Mwenyekiti wetu alikuwa anasikiliza mdomo wazi. Mimi nilikuwa nafunua kurasa na kuzifunga, nikitamani nikute kosa.

Kisha akafungua kitabu cha tatu, na hicho ndicho kilichonimaliza. Kilikuwa cha majina ya mashamba. Kila kipande cha ardhi cha kijiji kile, hata kile cha kutosha ng'ombe wawili tu, kimechorwa kwenye ramani na kuandikwa jina lake: shamba la kisima, shamba la mjane, shamba la mawe. Akaweka kidole juu ya kimoja. "Hapa ndipo walipofukuzwa wazee wangu," akasema. "Kabaila alivunja nyumba yao wakahamia mjini. Lakini watu mpaka leo wanaliita kwa jina letu."

Na wao walinyang'anywa. Mtu mwema angesikia ukaribu hapo, angemshika mkono. Mimi nilichofikiri ni kwamba hata katika kunyang'anywa wametushinda. Usiku ule sikula vizuri, na mume wangu aliponiuliza nina nini nikamjibu kwamba samaki ana chumvi.

Lakini kabla hatujatawanyika jioni ile, mwenyekiti alikuwa hajamaliza. "Na sie tufanye kama wao," akasema. "Tukusanye majina ya mashamba ya Unguja kabla hayajapotea." Akaanza kugawa: wewe Chwaka, wewe Bububu. Aliponifikia mimi akasema Kidichi, na hakusema kwa bahati mbaya, maana habari za kwetu anazijua.

"Mie goti langu baya," nikamwambia.

"Goti gani? Jana nimekuona Darajani wamkimbilia muuza pweza."

Wenzangu wakacheka. Mgeni akauliza wanacheka nini, na kabla sijaamua nimwongopee vipi, mwenyekiti akamweleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba mimi nitampeleka Kidichi. Akafurahi kweli kweli. Ndiyo maana nikaenda. Sikutaka aende na mtu mwengine.

Tulipofika njia ya kupandia Kidichi shingo ikageuka upande wa bahari, na gari likapinda upande wa pili. Sikuwa nimewahi kuiona njia ile. Nilijua kutoka kwa baba kwamba shamba la babu lilikuwa mbele ya hamamu, zile bafu za zamani za wafalme, penye kisima cha mawe karibu na njia. Kisima kilikuwapo. Pembeni yake palikuwa na banda la makuti lenye vifungu vya mdalasini, hiliki, sabuni za mlangilangi, na mwanamke mnene mchangamfu, simu sikioni, akimgombeza mtu aliyechelewa kumletea vanila. Alipotuona akakata simu.

"Karibuni, karibuni! Mgeni aonje mdalasini. Nawe dada, karibu kiti."

Sikumwambia mimi ni nani. Nilijiweka mkalimani, nikaona hapo ndipo pa salama. Mgeni akamwonesha kitabu chake, akauliza kupitia kwangu kama mahali hapa pana jina.

"Hapa?" Yule mwanamke akacheka. "Hapa Kisimani. Kule ulikopita na gari ndo Mlangoni, ijapokuwa mlango wenyewe sie hatukuukuta. Kule chini Penye Mashelisheli. Halafu Bonde la Nyuki, usende huko, wapo mpaka leo. Halafu Majamvini, hapo zikianikwa karafuu. Halafu Kwa Ng'ombe Mweupe."

Alikuwa anataja haraka, kama mtu anayetaja vyumba vya nyumba yake. Nami nilikuwa natafsiri. Majamvini! Nilikuwa nimelisahau, na liliponipiga sikioni nilimsikia baba kwa sauti yake, na mkono wake juu ya shuka. Haya yalikuwa maneno yangu ya kulalia. Nilidhani yamebaki kwangu peke yangu duniani, na kwamba chama kitayapata kutoka kinywani mwangu, na mgeni atayaandika na kuona kwamba na sisi tunayo. Kumbe yalikuwa hapa muda wote, yakitumika kila siku, wanaitiana watoto kwayo na kupelekana kuchuma pilipili. Nilimchukia yule mwanamke kwa muda wa kunywa kikombe cha chai ya mchaichai alichonimiminia mwenyewe. Ardhi wanayo, na majina wanayo pia.

"Na majina haya mmeyatoa wapi?" nikamuuliza. Hilo lilikuwa swali langu, mgeni hakuuliza.

"Marehemu baba kayakuta. Alikuwa akichuma karafuu kwa mwenye shamba wa zamani. Yeye mwenyewe mwenye shamba yupo," akaongeza, akionesha kwa kidevu, "pale nyuma ya midalasini."

Nikaweka kikombe chini. Mgeni akaniuliza kasema nini. Nikamtafsiria: anasema mwenye shamba wa zamani amezikwa pale.

"Baba kasaidia kumzika," mwanamke akaendelea. "Akatuusia tusilime pale. Kila Shaaban twampalilia, twamsomea hitma. Twapika, twaita majirani, twasoma. Wenyewe hawaji."

Nikaitazama ile midalasini.

"Kasema nini?" mgeni akauliza tena.

Nikamwambia kwa Kiingereza: "Anasema wenyewe hawaji."

"Kwa nini hawaji?" akauliza mgeni, na macho yake yamejaa huruma, na ilinibidi nigeuke na kulitia swali lile katika Kiswahili, kwa mdomo wangu mwenyewe, na kumuuliza yule mwanamke kwa nini sisi hatuji.

"Hatujui, dada. Labda wana hasira. Labda wamekwisha." Akasukuma vifungu vya mdalasini, akavipanga upya. "Taabu ni moja tu. Wakati wa hitma maalimu hutaja majina ya marehemu, fulani bin fulani. Akifika kwake hukwama. Jina la kuitiwa baba kalijua, lakini lake kamili na la babake hakuyajua, na yeye ndo kafariki. Basi maalimu husema mwenye shamba. Mwaka baada ya mwaka, mwenye shamba. Mie huona haya mbele ya maiti."

Sitasema uongo juu ya lililonipitia. Halikuwa shukrani. Niliona wivu hata wa hitma. Wao ndio waliompalilia babu yangu, wao ndio waliompikia, mikono yao ndiyo iliyonyanyuliwa kumwombea, na sisi mjini tukageuza shingo na kujiona tunamheshimu. Mgeni alikuwa na jiwe lake lenye herufi. Huyu alikuwa na kaburi, majina ya shamba, hata dua. Katika wote watatu pale kwenye banda, mimi nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho hawakuwa nacho, na nikajisikia nakikumbatia. Nikimpa na hilo jina, nikafikiri, nitabaki na nini? Nikataka kunyanyuka, kununua hiliki na kurudi mjini.

"Wewe wawajua jamaa zake?" mwanamke akaniuliza. Alikuwa ananitazama usoni sasa, si kama mkalimani.

Nikalitaja. Nililitaja lote, kama baba alivyonihifadhisha, bin huyu bin yule mpaka Arabuni, na sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka mgeni akashtuka na kitabu chake. Yule mwanamke alilisikiliza mpaka mwisho. Akalirudia, akakosea kwenye babu wa tatu, nikamsahihisha, akalirudia tena likakaa. Kisha akajifunga kanga vizuri kichwani.

"Basi ndo wewe," akasema. "Twende ukamsalimie mzee wako."

Tukapita kati ya midalasini. Mgeni alitaka kutufuata, akasita, akabaki barabarani, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Palikuwa pamefagiliwa. Mawe mawili, na mrehani umepandwa. Nikasimama, nikanyanyua mikono nimsomee babu yangu Fatiha, mimi ninayejua historia ya kila uchochoro wa mjini.

"Si huko, dada," akasema taratibu, akinishika mabega yote mawili. "Kibla ni huku."

Nikageuka.