Nilipoenda Illasit Kuchora Nyumba ya Yeyo

Naserian, jirani yangu wa ploti hapa Kitengela, alibisha mlango akilia. Kaka yake, Mungu amsamehe, ameuza shamba lao la Illasit, na mwenye kununua anabomoa boma Jumamosi. Mama yao, Yeyo, ana ombi moja tu: nyumba yake ichorwe, aje nayo mjini. Picha ya simu hataki, maana simu ya kwanza ilipotea na sura ya marehemu mzee wake. "Si wewe ndio mchoraji, Mama Brian?" Nikafunga rangi zangu.

Alhamisi alfajiri tulipanda lori la nyanya lililokuwa likirudi tupu. Pale Isinya, uwanda mzima ni mabango ya ploti. Njiani nilimweleza Naserian nilikojifunza kazi. Shuleni kwetu Kakamega kulikuwa na sista kutoka Ayalandi, na kitabu kikubwa cha michoro ya kwao: nyumba ndogo nyeupe za mashambani, paa za nyasi, mlima wa buluu nyuma, wala hakuna mtu mlangoni. Sista alisema wenyewe walienda ng'ambo kutafuta kazi, nyumba zikabaki kwa wachoraji tu. Nilizinakili mpaka sista akanipigia makofi.

"Basi Yeyo amepata fundi," Naserian akasema. Nami nikavimba kichwa.

Illasit, chini ya Kilimanjaro, tulifika mchana. "Yeyo, takwenya," nikamsalimu.

"Iko," akaitikia, akanishika mkono mpaka kwa nyumba. Aliijenga mwenyewe alipoolewa, fito kwa fito, akaikandika kwa mavi ya ng'ombe. Humo alizalia watoto wote, na humo mzee wake alifia.

Ijumaa nilichora kutwa. Mkono uliteleza vizuri, ole wangu! Jioni nikamgeuzia Yeyo turubai la mchoro. Akaangalia, akaangalia tena.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako, Yeyo."

"Yangu iko chini, iko na mgongo. Hii imesimama kama kanisa. Na mlango? Kwangu mtu anainama, anakata kona, ndio aone moto. Hapa anaingia moja kwa moja kama dukani."

Nikatazama vizuri. Kumbe! Ukuta umenyooka, paa limechongoka, hata Kilimanjaro imekuwa mlima wa kitabu cha sista. Haki ya Mungu, nilitamani ardhi inimeze. Nikapaka juu yake, nikaanza upya. Paa likapanda tena.

Jumamosi asubuhi trekta ilikuja mapema. Nilipiga picha ya simu haraka haraka, kwa siri. Trekta ilisukuma mara mbili tu, nyumba ikalala.

"Umemaliza?" Yeyo akaniuliza.

"Bado, Yeyo."

"Sasa utaangalia nini?"

Nikaanza kufunga rangi. "Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Brian," Naserian akasema. "Twende." Tukarudi na Yeyo katikati yetu mpaka Kitengela, kwa Naserian.

Niliyojifunza ni machungu. Macho yangu yalifika Illasit, mkono ulibaki kwa watu nisiowajua, na hautaki kurudi. Picha ya simu niko nayo mezani. Nimechora mara nyingi nikiitazama, na kila mara inatoka nyumba ya kitabuni. Jumapili baada ya kanisa Yeyo huja kwangu, anaketi, anaomba aone. Ninamwonyesha.

"Hapana," anasema polepole. "Hapo sijawahi kulala."