Weupe wa Picha ya Wifi Zhiru

Kaka yangu Gu Yanbo alipoanza kutetemeka mikono, mkewe Zhiru ndiye aliyeshika brashi. Hapa Suzhou muungwana hauzi picha. Anampa rafiki mlima wa wino, rafiki naye analeta paja la nguruwe na chai, na wote wanajifanya hawajalipana. Basi wifi alichora, kaka akagonga muhuri wake, nasi tukala. Siri hiyo niliijua mimi tu, na domo langu hili nililifunga.

Picha moja wifi hakumpa mtu. Ilikuwa ya kilima alikozikwa binti yao, Xiaoju, aliyekufa kwa ndui. Misonobari chini, kilele juu, na katikati karatasi tupu, ndio ukungu. Kaka aliigonga muhuri kwa mazoea tu. Kila asubuhi Zhiru aliketi mbele ya picha hiyo akisaga kijiti cha wino kwenye jiwe.

"Xiaoju akinisikia nasaga, anatoka hapo kwenye weupe," aliniambia.

"Njaa hiyo, wifi. Kunywa uji."

Lakini asubuhi moja nilipita nyuma yake nikasikia mtoto akikohoa, na mtoto nyumbani hatukuwa naye. Sikumtania tena.

Kaka akafa. Marafiki zake wakaja kumlilia, na kama desturi yao, wakataka kuandika mashairi ya kumuaga juu ya picha zake. Bwana Pang, hakimu mstaafu, akaiona ile ya ukutani.

"Huu mkono wa Yanbo," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Mwanamume mwingine hana."

Hapo hakukosea.

Zhiru alitoka nyuma ya pazia. "Waheshimiwa, nawaomba. Hapo peupe msiandike."

"Shemeji," Bwana Pang akamjibu kwa upole, "peupe ni pa marafiki. Picha isiyo na maneno yao ni yatima."

Angesema kaichora yeye, kaka angezikwa mwongo. Akarudi nyuma ya pazia. Wakaandika mmoja baada ya mwingine, wakigonga mihuri myekundu, hadi ukungu wote ukajaa. Nilitaka kuwapokonya brashi, lakini utamgombezaje mtu anayekupa heshima kubwa kuliko zote alizonazo? Bwana Pang akaondoka na picha, iwe kumbukumbu.

Wifi alisaga wino kila asubuhi, na hakuna aliyekuja. Akakichora kilima upya, ukungu ule ule. Wapi.

Majira ya baridi Bwana Pang alirudi, amekonda, picha kwapani.

"Shemeji, nikisaga wino kuna mtoto analia ndani ya hii. Yanbo alimchora nani?"

"Anasemaje?"

"Anamwita mama yake."

"Basi ananiita mimi. Picha hiyo nimechora mimi, Bwana Pang. Na zile zenu zote."

Mzee wa watu akaketi chini. Baada ya hapo mjini walizishusha picha hizo kutoka kuta zote, na jina la kaka hawalitaji tena. Zhiru hakujali. Aliitundika pale pale picha aliyoirudisha Bwana Pang, akasaga wino.

Mtoto analia kweli, hata mimi namsikia. Anazunguka nyuma ya mashairi yale, anatafuta pa kutokea, na wino haufutiki.