Nyimbo za Mwisho za Mwalimu

Fundi wa kompyuta wa pale Miembeni ana vidole vinene, lakini hubonyeza vitufe taratibu kama anayempapasa mgonjwa. Yeye humshauri kila mteja aweke mfumo huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Wateja humcheka: “Fundi, cha bure hicho kitatutia hasara.” Naye hufuta kioo kwa pindo la shati, akawawekea walichokitaka. Leo Violeth, mjane wa mwalimu wa kwaya, amemletea kompyuta ya marehemu. Nyimbo zake za mwisho, ambazo kwaya haijaziimba bado, aliziandika kwa programu ya kulipia. Sasa programu inadai kibali, na kampuni ya kukitoa imeshafungwa. Fundi amejaribu programu zake huria zote, akiguna chini kwa chini. Hakuna inayoweza kuzisoma.

“Pole, waitu, mama yangu. Nyimbo zimo humu, ila ufunguo ameondoka nao mwenye programu.” Kisha akachukua kalamu. “Basi niimbie unazozikumbuka, tuziandike.”

Violeth akaanza kuimba, akanyamaza. “Tulizijaribia nyumbani, mwanangu. Yeye alishika sauti ya kwanza. Mimi najua ya pili tu.”